Cheltenham hakuna farasi wa uhakika: namna ya kusoma mbio za kuruka kabla ya kuweka dau

SWALI

"Salamu kwako mtaalamu. Ninaishi Gloucester na ni mweka hazina wa chama chetu cha watu wanane, Wakenya na Watanzania. Machi tunakwenda Cheltenham siku ya kwanza ya tamasha la mbio za farasi, maana ni karibu, na kazini kila mtu anazizungumzia. Nilipokuwa Nairobi nilizoea kwenda Ngong Jumapili, kwa hiyo farasi si wageni kwangu, ila hizi za kuruka sizielewi. Mimi huchagua aliyeshinda mara ya mwisho na aliyebebeshwa uzito mdogo. Sasa kuna mtu kwenye Telegram anauza 'farasi watatu wa uhakika' kwa pauni 150, na ametuonyesha picha za mikeka aliyoshinda. Wenzangu wanataka tumlipe, halafu tuweke pauni 600 za chama kwenye mkeka mmoja wa hao watatu. Mmoja wao anasema mbio hizi hupangwa, kwa hiyo huyo jamaa lazima ana mtu wa ndani. Mimi moyo unasita. Je, kuna njia ya kweli ya kumjua mshindi mapema? Na wenzangu niwaambie nini?"

JIBU

Moyo wako una haki ya kusita, na nitakujibu bila kuzunguka. Hakuna anayemjua mshindi wa mbio za kuruka kabla hazijakimbiwa: si mkufunzi, si mpandaji, si mwenye farasi, sembuse muuzaji wa Telegram. Kinachowezekana ni kukadiria kwamba huyu ana nafasi kubwa kuliko yule, na kwa sababu gani. Kukadiria kunafunzika, na hapa chini nitakueleza ninavyofanya mimi. Pauni 150 msimpe mtu huyo. Na zile 600 za chama zibaki benki. Hilo nitalirudia, maana ni zito kuliko habari ya farasi yenyewe.

Tazama kilichotokea tarehe 11 Machi 2025, Jumanne, siku ya kwanza ya tamasha kama hiyo mnayoiendea. Shindano kubwa la siku hiyo huwa ni Champion Hurdle, kilomita 3.3 hivi na viunzi vinane. Constitution Hill, bingwa wa 2023, alikuwa hajashindwa hata mara moja tangu aanze kuruka, na odi yake, yaani kiasi unachorudishiwa kwa kila pauni moja uliyoweka akishinda, ilikuwa 1.50. Akaanguka kwenye kiunzi cha tano. Njia ikawa wazi kwa State Man, bingwa wa 2024. Akafika kiunzi cha mwisho akiwa amewaacha wenzake, naye akaanguka. Aliyeshinda ni farasi jike, Golden Ace, ambaye odi yake ilikuwa 26.00.

Waliomchagua Constitution Hill hawakuwa wajinga. Odi ya 1.50 maana yake soko linampa nafasi mbili kati ya tatu. Ile nafasi ya tatu ipo siku zote, na siku hiyo ndiyo iliyotokea. Ukishalielewa hili, neno "uhakika" litakuwa linakustua kila unaposikia mtu analiuza.

Sasa uweke mpango wa wenzako kwenye mizani hiyo. Tuseme farasi wote watatu wa huyo jamaa ni wazuri kweli, na kila mmoja ana nafasi sita kati ya kumi, jambo ambalo ni adimu Cheltenham. Ili mkeka ulipe, lazima washinde wote. Sita ya kumi, mara sita ya kumi, mara sita ya kumi: inabaki asilimia 21.6. Mara nne kati ya tano mkeka unachanika, na hapo nimemkadiria kwa ukarimu mkubwa.

Zile picha za ushindi zisikutishe. Muuzaji mwenye wafuasi 400 anaweza kuwagawa makundi manane ya watu hamsini hamsini, kila kundi akalitumia farasi wake katika shindano la farasi wanane. Lazima watu hamsini watapata mshindi, na hao ndio watakaopiga picha na kumsifu. Wale 350 wengine wataondoka kimya kimya, na nafasi zao zitajazwa na wageni kama ninyi waliovutiwa na picha. Wapo pia wanaolipwa na kampuni za kubashiri kwa kila mteja wanayemleta, na malipo yao huongezeka kadiri mteja huyo anavyopoteza. Na yule mwenzenu anayesema mbio hupangwa, mwulize hivi: mtu mwenye siri ya kweli angeuza kwa pauni 150 kwa umati, wakati umati huohuo ukiweka dau odi inashuka na siri inapoteza thamani? Mbio za Uingereza zina mamlaka yake ya usimamizi, farasi huchukuliwa sampuli na kupimwa dawa, wasimamizi hupitia picha za video za kila shindano, na wapandaji wamekatazwa kabisa kubeti kwenye mbio. Udanganyifu umewahi kutokea na watu wamewahi kufungiwa. Lakini mpango wa kuchagua farasi usijengwe juu ya tetesi kwamba kila kitu kimeshaamuliwa.

Tuje kwenye farasi wenyewe. Ulichokiona Ngong kitakusaidia, ila si chote. Zile ni mbio za tambarare, na katika mbio za tambarare farasi hutoka kwenye malango. Lango alilopangiwa farasi linaweza kumbeba au kumwangusha. Mbio za kuruka hazina malango. Farasi hukusanyika nyuma ya utepe, utepe ukifyatuka wanaondoka. Kwa hiyo namba iliyo mgongoni isikuongoze kwa lolote. Umri nao huku una maana nyingine. Farasi wa kuruka hukomaa polepole, na kumkuta wa miaka minane au tisa akiwa katika kilele chake ni kawaida.

Kuhusu uzito umelishika jambo kinyume, na wengi hulishika hivyo. Kuna mashindano ya handikapu, ambamo mamlaka humpa kila farasi alama kulingana na uwezo aliouonyesha, kisha kila alama moja inageuzwa kuwa ratili moja ya uzito, karibu gramu 450. Farasi mwenye alama 150 atabeba kilo nne na nusu zaidi ya mwenye alama 140. Lengo ni wote wafike kwenye mstari pamoja. Kwa hiyo aliyebebeshwa uzito mkubwa ndiye aliyehesabiwa kuwa bora, na mwenye uzito mdogo kapewa mdogo kwa sababu hajaonyesha mengi. Unachotakiwa kujiuliza ni kama alama zile zinamfaa bado. Je, amepanda kiwango tangu alipopewa? Je, mwanzoni mwa msimu alikimbia mbali mno au kwenye ardhi isiyomfaa, alama zikashuka, na leo amerudishwa kwenye mazingira yake? Huyo ndiye wa kumtafuta kwenye handikapu. Champion Hurdle yenyewe si handikapu: wote hubeba sawa, ila majike hupunguziwa ratili saba, zaidi ya kilo tatu kidogo. Golden Ace alikuwa na punguzo hilo.

Na yule "aliyeshinda mara ya mwisho"? Ushindi ni habari nusu. Nusu nyingine ni wapi, dhidi ya nani, na juu ya ardhi gani. Kempton, karibu na London, ni uwanja bapa unaozunguka kwa mkono wa kulia, na farasi mwenye kasi hung'ara pale. Cheltenham huzunguka kwa mkono wa kushoto, una kupanda na kushuka, na unamalizika kwa mlima. Farasi aliyeshinda Kempton siku ya pili ya Krismasi kwa mwendo wa kuteleza anaweza kuja Cheltenham Machi, akaongoza hadi kwenye kizuizi cha mwisho, halafu miguu ikamwishia mlimani huku mwingine aliyekuwa wa nne akimpita. Nimeliona hilo likijirudia kiasi kwamba sasa swali langu la kwanza kwa kila farasi anayekuja pale ni moja: mlima ule amewahi kuupanda akiwa amechoka?

Hapo ndipo kiini cha kazi hii kilipo. Soma mbio kwanza, farasi baadaye. Wageni hufungua kadi ya mbio, ile orodha ya farasi na matokeo yao, wakaanza kutafuta jina lililowavutia au rangi za fulana ya mpandaji. Mimi huanza kwa kujiuliza shindano hili litadai nini, kisha natafuta nani anacho.

Dai la kwanza ni ardhi. Waingereza huipanga kuanzia ngumu, nzuri, nzuri yenye ulaini, laini, hadi tope zito, na uwanja hutangaza hali yake mapema na kuibadilisha mvua ikinyesha. Usilichukulie hili kama jambo dogo. Kwenye tope zito kwato huzama, na kila hatua inamdai farasi nguvu za kujing'oa. Shindano la kilomita tatu linakuwa kama limeongezwa urefu. Farasi mwenye mwendo mwepesi wa chini, anayepaa juu ya nyasi, huchoka mapema. Mwenye goti linalopanda juu na mwili mkubwa huvumilia. Ardhi ikiwa nzuri, mambo hugeuka: mwenye kasi anaruka huku anakimbia, na yule mvumilivu anabaki nyuma bila muda wa kumfikia. Kadi nyingi huonyesha ardhi ya kila shindano alilokimbia farasi huko nyuma. Chukua kalamu, zungushia matokeo yake mazuri, uone kama yote yameangukia kwenye aina moja ya ardhi. Mara nyingi sana utakuta ndivyo. Zoezi hili la dakika kumi litakufaa kuliko ujumbe wowote wa kulipia.

Dai la pili ni umbali na umbo la uwanja. Cheltenham ina njia mbili. Jumanne na Jumatano hutumika njia ya zamani, ambayo ni kali zaidi kwenye kona na humfaa farasi mwepesi wa kubadili mwendo. Alhamisi na Ijumaa hutumika njia mpya, ndefu zaidi, ambako ustahimilivu unadaiwa zaidi. Gold Cup, shindano kubwa la Ijumaa, ni kama kilomita 5.3 na vizuizi 22. Ninyi mnakwenda Jumanne, kwa hiyo njia ni ya zamani. Kasi ina nafasi yake, ila mlima wa mwisho haumwachi mtu.

Dai la tatu ni kuruka kwenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalotenganisha mbio hizi na zile za Ngong. Kuna aina mbili za vizuizi. Viunzi ni vyepesi, kimo chake si chini ya mita 1.07, na farasi akikigonga kinalala kidogo. Kuta ni matawi ya miti yaliyoshindiliwa, kimo si chini ya mita 1.37, na ukuta hausamehi. Farasi anayeufikia ukuta katika mwendo wake huuruka bila kupunguza kasi na hutua tayari akikimbia. Mara nyingine hujipatia urefu wa farasi mzima hewani. Anayekosea hatua lazima apunguze, ajikusanye, aruke karibu kwa kujinyanyua, kisha aanze upya kuongeza kasi. Huo muda alioupoteza unaonekana, lakini hasara kubwa zaidi haionekani: ni nguvu alizotumia kurudi alikokuwa. Akifanya hivyo mara tano, mlimani hana kitu. Wakenya wenzako waliozoea kutazama mita 3000 kuruka viunzi na maji wanalifahamu hili kwa macho: anayegusa kiunzi kila mzunguko hachomoki mwishoni, hata awe na mbio kiasi gani.

Kwa hiyo jifunze kusoma zile herufi zilizopangwa mbele ya jina la farasi. Tarakimu ni nafasi alizomaliza, ya karibuni ikiwa upande wa kulia, na sifuri ni nafasi ya kumi au chini zaidi. Kistari kinatenganisha msimu na msimu. F ni alianguka. U ni alimwangusha mpandaji wake. P ni mpandaji alimsimamisha kabla ya mwisho. B ni aliangushwa na farasi mwingine, na hilo si kosa lake. Wengi wakiona F humkimbia farasi. Mimi huuliza alianguka wapi na akiwa katika hali gani. Mwaka 2022 Galopin Des Champs alianguka Cheltenham kwenye ukuta wa mwisho akiwa mbele sana, ushindi ukiwa karibu mkononi. Mwaka uliofuata alishinda Gold Cup, na 2024 akashinda tena. Ile F ilikuwa imeficha farasi bora kuliko wote. Lakini farasi mwenye F, U na makosa mengi katika mashindano manne ya karibuni, dhidi ya wapinzani wa kawaida, anakuambia tatizo lake wazi. Mkiwa na muda, tazameni video za mashindano mawili ya mwisho ya kila mnayemfikiria. Herufi hazionyeshi farasi anayerukia upande wa kulia kila mara kwenye uwanja wa kushoto na kupoteza hatua bila kuanguka.

Wakufunzi nitawagusa kwa ufupi. Willie Mullins kutoka Ireland alifikisha ushindi wake wa 100 kwenye tamasha hili mwaka 2024, na jina lake peke yake hushusha odi. Mara nyingi huleta farasi watatu au wanne katika shindano moja, na watu hukimbilia yule aliyepandwa na mpandaji wake mkuu, Paul Townend. Ni dalili nzuri, lakini ni dalili tu. Kwenye Grand National ya 2025, shindano maarufu la kuruka kwenye uwanja wa Aintree, farasi wa Mullins walishika nafasi tatu za kwanza. Townend alikuwa juu ya I Am Maximus, aliyekuwa wa pili. Aliyeshinda ni Nick Rockett kwa odi ya 34.00, akipandwa na Patrick Mullins, mtoto wa mkufunzi huyo, ambaye ni mpandaji wa ridhaa.

Sasa usiku wa kuamkia safari, fanya hivi. Chagua mashindano mawili au matatu kati ya saba, yale yenye farasi wachache unaoweza kuwasoma wote. Achana na handikapu za farasi ishirini na zaidi. Ni nzuri kutazama, ngumu mno kukadiria. Kwa kila shindano ulilochagua, futa kwanza wale ambao ardhi au umbali unawakataa. Waliobaki, wape asilimia, na jumla iwe 100. Fanya hivyo kabla ya kutazama odi, maana ukishaziona zitakuvuta. Kisha linganisha. Ili kuigeuza odi kuwa asilimia, gawa 100 kwa odi: 5.00 ni asilimia 20. Uwanjani mtaona maandishi ya mtindo wa Kiingereza. 4/1 ni faida ya pauni nne kwa kila moja uliyoweka, na ukiongeza ile moja yako inayorudi unapata 5.00 uliyoizoea. Kama wewe umempa farasi asilimia 25 na odi inampa 20, huyo ndiye wa kufikiria, hata kama si yeye unayeamini ana nafasi kubwa kuliko wote. Kama umempa anayepigiwa upatu asilimia 40 na odi yake ya 2.00 inadai 50, mwache apite, hata akishinda.

Lazima nikueleze na upande wa pili wa hesabu hii. Chukua shindano la farasi sita wenye odi 3.00, 4.00, 5.00, 6.00, 9.00 na 11.00. Geuza zote kuwa asilimia, jumlisha: utapata 115 na kitu. Ile 15 iliyozidi mia ni mkate wa kampuni. Maana yake ukiweka dau bila kujua lolote, kwa kila pauni 100 utarudishiwa wastani wa 87 hivi. Ukiunganisha mashindano manne ya namna hiyo kwenye mkeka mmoja, makato yanazidishana, na wastani unashuka hadi kama 57. Ndiyo maana kampuni hupenda sana kutangaza mikeka mirefu. Na odi za mwisho kabla ya farasi kuondoka zimebeba maoni ya watu wengi wanaofanya kazi hii kila siku. Anayepigiwa upatu zaidi hushinda takriban mara moja kati ya tatu, na ukifuata hao tu bado makato yatakula. Mimi mwenye kazi hii najua kwamba tofauti kati ya makadirio yangu na ya soko mara nyingi ni kosa langu. Kwa hiyo njia niliyokufundisha itakufanya uelewe unachokitazama na hasara yako iwe ndogo. Mshahara haitakupa.

Kama kundi, mna namna kadhaa za kushiriki. Lipo lile dau linalogawanywa mara mbili, nusu farasi ashinde, nusu ashike nafasi. Pauni tano za namna hii zinakugharimu kumi. Inafaa kwenye handikapu ya farasi 16 au zaidi, ambako kwa kawaida nafasi nne hulipwa kwa robo ya odi: farasi wa 12/1 akiwa wa nne unarudishiwa pauni 20. Kwenye shindano la farasi wanane, ukimchagua wa 2/1 akawa wa pili, kwa malipo ya kawaida ya moja ya tano unarudishiwa pauni saba kati ya kumi zako. Farasi wako amefanya vizuri na wewe umepoteza tatu. Soma masharti ya nafasi kabla ya kulipa, kwa sababu hutofautiana.

Ninachokipenda zaidi kwa kundi kama lenu ni Placepot, dau la kapu la pamoja la kampuni ya Tote. Mnachagua farasi wa kushika nafasi, si lazima kushinda, katika mashindano sita ya kwanza ya siku. Pesa za wote huingia kwenye kapu moja, makato yanatolewa, na waliofika hadi mwisho wanagawana. Mkichagua farasi wawili katika mashindano matatu na mmoja mmoja katika matatu mengine, mnapata michanganyiko minane. Kwa pauni moja kila mchanganyiko, jumla ni pauni nane, yaani moja kwa kila mwanachama, na mna sababu ya kupiga kelele tangu saa ya kwanza. Nunueni kabla ya shindano la kwanza kuondoka. Asubuhi hakikisheni ardhi haijabadilika na hakuna mliyemchagua aliyeondolewa. Halafu kati ya shindano na shindano nendeni kwenye duara wanakotembezwa farasi. Mtazameni anayetembea kwa utulivu, masikio mbele, manyoya yanang'aa. Aliyetokwa na povu la jasho kati ya miguu ya nyuma hata kabla ya kuondoka anatumia nguvu ambazo angezihitaji mlimani.

Na mkiwa pale huenda mkaona pazia likisimamishwa mbele ya farasi aliyeanguka. Wengi huamka. Wengine hawaamki, na kwa sisi tunaowapenda wanyama hawa hilo haliwi jepesi kwa kuzoea. Aintree walipunguza farasi wa Grand National kutoka 40 hadi 34 mwaka 2024 kwa ajili ya usalama, na mimi niliunga mkono. Mwanachama ambaye hawezi kulitazama hilo asilazimishwe kuja.

Sasa pesa za chama. Pauni 600 hizo si zako wala si za walio wengi katika mkutano mmoja. Ni za kila aliyechanga, kwa lengo mlilokubaliana siku ya kwanza. Ikiwa ndani yenu kuna Mwislamu, au mtu yeyote ambaye imani yake inamkataza kamari, mnakuwa mmemwingiza katika jambo asilolitaka kwa jasho lake mwenyewe, na huenda kwa aibu asiseme. Kama mweka hazina una wajibu wa kukataa, na una haki ya kuomba kukataa kwako kuandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Waambie hivi: "Anayetaka kucheza aje na pesa yake ya mfukoni, kiasi ambacho akikipoteza chote hatakopa nauli ya kurudi. Chama hakichezi." Na wale wasiobeti kabisa waje wafurahie; siku ile inatosha yenyewe.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo halijaandikwa ila nalihisi. Mtu anayesukuma sana kwamba pesa za wenzake ziwekwe kwenye mkeka mmoja wakati mwingine ana shimo lake anajaribu kulifukia. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Lakini mkizungumza naye pembeni, msikilizeni: je, anajaribu kurudisha alichopoteza? Amekopa? Anaficha simu? Analala? Ikiwa majibu yanakutia wasiwasi, asilaumiwe mbele ya kikao, na asipewe mkopo wa kulipa madeni ya kamari kabla hajapata msaada. Simu ya taifa ya msaada wa kamari inayoendeshwa na GamCare ni 0808 8020 133, ni bure na hupokelewa saa 24. GAMSTOP humfungia mtu asiingie kwenye tovuti zote za kubashiri zenye leseni ya Uingereza, kwa miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, naye mwenyewe ndiye anayejiandikisha. Huduma ya afya ya NHS ina kliniki za uraibu wa kamari, na daktari wake wa kawaida anaweza kumwelekeza. Akihitaji mkalimani wa Kiswahili, aombe anapopanga miadi, halipii.